Kwaya Yachagua Diski

Jumamosi saa nne asubuhi, kamati ya kwaya ya kanisa moja la mtaa wa Satellite ilikaa kwenye benchi la Musili, fundi wa kurekodi mwenye kiduka Kenyatta Market, kati ya saluni na jiko la nyama choma. Walikuja kuchagua albamu yao itoke kwa diski ya aina gani. Kamati yenyewe ilikuwa Maxwell, mwalimu wa kwaya, na Mercyline, katibu. Namalwa wa sauti ya kwanza hakuwa mwanakamati. Alikuja kwa sababu mtu lazima abebe chupa ya chai.

Namalwa alitaka kitu kimoja tu: jina lake kwenye kasha la albamu. Wimbo ule mkubwa, ule unaoinua kanisa zima, aliutunga yeye, jikoni kwake, akiosha vyombo. Kasha lilisema, "Mtunzi: Mwalimu Maxwell." Alipouliza, Maxwell alimjibu kwamba hayo ni mambo ya watu wa kuchapisha. Watu wa kuchapisha, jamani!

Musili alikuwa ameuchoma wimbo huo kwenye diski nne. "Mtasikia wenyewe," alisema, akazima feni. "Mimi siwezi waamulia."

Alianza na VCD. Alieleza kwamba humo sauti hufinywa ndiyo picha ipate nafasi, na kweli, waimbaji wa besi walisikika kama watu waliojifunika blanketi.

"Iko sawa," Maxwell alisema.

Ikaja CD. Hapo kila sauti ilisimama peke yake, hata mzee Kibe wa besi akasikika akimeza mate. Nyuma ya kinanda zilisikika pia sufuria zikioshwa, na mwanamke akiuvumisha wimbo huo, akikosea, akirudia. Siku ya kurekodi hakuna aliyeosha sufuria.

"CD haikati kitu," Musili alieleza. Mercyline akamimina chai.

DVD ilibeba zaidi. Baada ya kiitikio mlango ulibishwa, kisha ikatoka sauti ya Maxwell, safi, bila mkwaruzo: "Namalwa, hebu imba tena polepole, niandike kabla sijasahau." Kalamu ikasikika ikitembea kwenye karatasi.

"Besi imetulia," Mercyline alisema.

"Imetulia sana," Maxwell alikubali, akijikuna shingo.

 Namalwa aliwaza, haya, wamesikia, sasa yamekwisha.

Mashine ya Blu-ray, diski ya mwisho na inayobeba zaidi ya zote, ilikuwa ya kuazima, kwa hivyo Musili aliifuta kwanza. Sauti ya kwaya iliingia dukani nzima nzima. Chini ya kwaya yakaanza kutoka mawazo ya waliokaa kwenye benchi, kila moja kwa sauti ya mwenyewe. Spika ya kushoto ilimtoa Mercyline: "Sote tunajua wimbo ni wa Namalwa. Lakini nani ataanzisha vita na uzinduzi wa albamu ni wiki ijayo?" Ya kulia ilimtoa Maxwell: "Nishaambia nyanya yangu kwamba wimbo ni wangu, na ashaalika ukoo mzima." Katikati Musili alikuwa akiwazia mbavu za mbuzi. Namalwa alitoka kwa spika zote mbili: "Semeni basi. Mara moja tu."

Mama mmoja alitoka saluni, nusu ya kichwa imesukwa, nusu bado. "Punguzeni hiyo kitu," alisema. "Na mpatie huyo dada wimbo yake." Akarudi kukaa.

Kamati ikajadiliana. Mercyline aliandika kwenye kumbukumbu za mkutano: Blu-ray, ubora umezidi mahitaji ya kanisa. DVD, inaleta maneno. CD, ina sufuria. VCD ilipitishwa bila kupingwa.

"Watu wetu hata kule Dagoretti wako na mashine za VCD," Maxwell alisema, akisimama. "Lazima tufikirie mwananchi wa kawaida."

Namalwa hakuulizwa. Alikusanya vikombe kwa hasira, kimoja kikavunjika kishikio.

Siku ya uzinduzi, mgeni wa heshima alimuuliza Maxwell wimbo kama ule aliutoa wapi. Maxwell alisema ulimjia usingizini. Watu wakasema amina, nyanya yake akapiga vigelegele. Mgeni akamwomba auimbe peke yake. Aliimba beti mbili vizuri, akafika wa tatu, akakwama.

Kinanda kikazunguka, kikarudia mwanzo wa ubeti kumsubiri. Namalwa, aliyesimama nyuma yake, aliwaza, leo utajua hujui. Kinanda kikazunguka tena, jasho likimtoka Maxwell. Lakini ubeti ule ulikuwa na jina la mama yake Namalwa, marehemu Nanjala, na asingeweza kumwacha mama yake nje mbele ya watu wote wale.

Akainama, akamnong'oneza Maxwell maneno. Maxwell akayaimba kwa uchungu mkubwa, hata akatoa machozi, na kanisa zima likampigia makofi.