Mzunze Ndani ya Gini

Kazi yangu kwenye maabara ya chuo ni kuwanywesha panya pombe. Nusu yao wanatangulia kupewa dawa iliyokamuliwa kwenye majani ya mzunze, tuone kama itawakinga maini. Mpaka sasa hao nusu wanaonekana afadhali. Siku nilipomsimulia binti yangu, msusi ambaye hufungua chupa ya gini kabla hajashika kitana, aliruka.

"Kumbe dawa ipo, na mama yangu mzazi ananinyima!"

Macho yake yalikuwa yameshageuka manjano, tumbo limejaa maji. Daktari alisema alazwe, aachishwe pombe akiwa chini ya uangalizi, la sivyo tutamzika. Hakutaka kusikia. Nami akili zikaniruka. Nikachuma mzunze, nikaanika, nikatwanga, nikampelekea kopo zima.

Leo nimemkuta chumbani kwake akikoroga unga wangu ndani ya gini.

"Usinikodolee macho, mama. Nakunywa na kinga yangu, kama panya wako."

"Panya wangu walianza dawa wakiwa wazima, mjinga wewe! Ini lako limeshakuwa gumu kama soli. Na huo ni unga wa kutwanga tu, si dawa ya maabara, sijui hata kama unasaidia chochote."

"Sasa uliniletea wa nini?"

Nikakaa juu ya rundo la nguo zake chafu, nikalia kwa sauti, mimi ambaye hata baba yake tulipomzika sikutoa chozi mbele za watu.

Akaweka glasi chini. "Mwishowe mnawafanya nini, hao panya?"

"Tunawapasua, tuangalie maini."

"Hata waliopewa dawa?"

"Wote."

Akacheka mpaka akapaliwa. "Mama, wewe kufariji mtu hujui kabisa." Akajifuta mdomo. "Haya, nipeleke huko hospitali kabla sijabadili mawazo. Nikigeuka, nivute nywele."

Viatu vilikataa kuingia, miguu imevimba. Nikamvalisha kandambili zangu, nikashuka ngazi pekupeku, nusu nimembeba, nusu akitembea. Chini kuna baa, na ilikuwa wazi. Akasimama. Akageuza uso kuelekea baa.

"Moja tu, mama. Ya kuagia."

Nikamkamata nywele kwa ngumi, watu wanatazama.

"Unaniumiza!"

"Tembea."