Dua ya Dakika Arobaini na Tano

Leblebi alikufa Jumanne, saa nne kasorobo asubuhi, akimtazama nzi. Hakuugua, hakutapika, hakulia. Alikuwa ameketi katikati ya zulia, mkia ameuzungushia miguuni, nzi akapita, yeye akainua kichwa kumfuata, kisha akalala ubavu. Nezahat, aliyekuwa jikoni akimenya biringanya, alidhani ni mchezo. Akamwita. Akatikisa kibati cha chakula chake. Nzi akatua juu ya sikio la paka, na sikio halikucheza. Hapo ndipo mama wa watu alipojua.

Alikuwa paka wa mwaka mmoja na miezi miwili, mwenye rangi ya dengu zilizokaangwa, na jina lake ndilo jina la dengu hizo. Daktari wa mifugo, kijana mwenye ndevu nzuri kuliko maelezo yake, alimgeuza huku na huku juu ya meza.

"Moyo, labda," alisema. "Au mshipa wa kichwani. Wengine huondoka tu, mama. Tukimpasua huenda tukajua."

"Huenda?"

"Huenda."

Nezahat akamfunga paka wake katika foronya safi, akaondoka naye. Hakuwa tayari kumkatakata mtu kwa ajili ya huenda. Na kusema kweli hakuhitaji daktari, kwa kuwa muuaji alikwisha kumjua.

Saa tatu kamili ya asubuhi ile ile, Leblebi alikuwa amepanda pazia. Si pazia la dukani. Lilikuwa la lesi, alilolifuma kwa mkono majira mazima ya baridi, goti likimuuma. Lilishuka lote, pamoja na fimbo yake, na paka ndani. Nezahat akasimama juu ya kifusi hicho akapaza sauti: "Mungu aichukue roho yako!"

Sasa mtu asimhukumu haraka. Istanbul, maneno hayo ni kama chumvi. Mama humwambia mwanawe aliyemwaga maziwa, mke humwambia mume aliyesahau mkate, na nyanya mwenye tasbihi mkononi humwambia mjukuu huku akimbusu. Hakuna anayeyamaanisha, na hakuna aliyewahi kufa nayo. Lakini Nezahat alikuwa na miaka sitini na sita, na karibu yote alikuwa akiomba. Aliomba goti lipone. Aliomba lifti, maana jengo lao lilikuwa na orofa tano na yeye alikaa ya tatu. Aliomba mwanawe aliyeko Ujerumani apige simu bila kukumbushwa. Hakujibiwa hata moja. Hili, ambalo wala hakuliomba, lilijibiwa kwa dakika arobaini na tano.

Akamzika uani, chini ya mti wa tini, kisha akapanda ngazi na kufanya kosa la pili la siku ile: akakaanga unga.

Alikusudia halua kidogo tu, sufuria ndogo, ya kumwombea. Lakini halua ya msiba haina siri. Unga ukianza kuiva ndani ya siagi, harufu hupanda ngazi na kushuka ngazi, na kila pua katika jengo hujua kuwa kuna maiti. Kinachobaki ni kujua ni ya nani.

Wa kwanza kubisha hodi alikuwa Feridun wa orofa ya nne, mwalimu mstaafu wa hesabu na adui yake wa miaka kumi na moja. Vita vyao vilikuwa vya makombo. Kila asubuhi saa mbili Feridun alikung'uta kitambaa cha meza dirishani, makombo yakaangukia roshani ya Nezahat na nguo zake alizoanika, Nezahat akachomoza kichwa na kumwambia Mungu aichukue roho yake, Feridun akafunga dirisha. Sasa alikuwa amesimama mlangoni na suti nyeusi na tai, amenyoa ndevu, macho mekundu. Alipomwona Nezahat mzima, mwiko mkononi, alirudi nyuma hatua moja.

"Kumbe u hai?"

"Ulitaka niweje?"

"Nimenusa halua. Unaishi peke yako. Nikapiga hesabu."

"Na hiyo halua angeikaanga nani, mwalimu? Maiti?"

Feridun alifikiri kidogo, akaona kweli hesabu ilikuwa na kasoro. "Basi ni nani?"

"Leblebi."

Nezahat alikaa tayari kwa kejeli. Mzee aliilegeza tai, kisha akaikaza tena. "Mungu akupe subira," alisema, akauchukua mwiko mkononi mwake na kwenda jikoni kukoroga zamu yake, kama ipasavyo kwa kila aingiaye nyumba ya msiba.

Akafuata Gulten, mshonaji wa orofa ya kwanza, na bakuli la supu. Aliliweka mezani, akaangua kilio.

"Dada Nezahat, nimemuua mimi! Jana nilimwona kwenye ngazi nikamwambia, wewe paka, uzuri wote huu unaupeleka wapi? Na sikusema mashallah."

"Gulten, acha hayo."

"Ni jicho langu, dada. Bibi yangu alikuwa nalo."

Nezahat akautoa mfukoni ukosi wa marehemu. Ushanga wa buluu ulikuwa pale pale, mzima. Ushanga ukila kijicho hupasuka, hata watoto wanajua.

"Siku hizi wanatengeneza kwa plastiki," alisema Gulten, akazidi kulia. "Haupasuki ng'o."

Wa mwisho alikuwa Rasim, msimamizi wa jengo, ambaye alikuwa amebandika ngazini tangazo la kukataza kulisha paka, tena lenye mhuri. Alimvuta Nezahat hadi nyuma ya friji, akamnong'oneza kwamba Jumapili alimpa marehemu kipande cha soseji ya kitunguu saumu.

"Chini ya tangazo langu mwenyewe, dada. Alikula huku ananitazama usoni."

Nezahat aliwaonea wivu. Wenzake waliungama kama watu wanaoagiza chai, na yeye mwenye kosa hasa aliendelea kugawa vijiko. Hakuwa ametoa hata chozi moja. Muuaji, alijiambia, hana haki ya kulia matangani.

Mambo yangeishia hapo kama Rasim asingekuwa Rasim. Kifo kimetokea ndani ya jengo, alisema, wakazi wana wasiwasi, lazima sababu iandikwe. Akaitisha kikao. Jumamosi saa nne asubuhi viti vikateremshwa ukumbi wa chini, chai ikapitishwa kwenye bilauri ndogo. Ajenda ya kwanza ilikuwa paa linalovuja, na ya pili ilikuwa paka. Paa likaahirishwa, kama kawaida yake.

"Haya, niandike nini?" Rasim aliuliza, kalamu iko juu ya kitabu cha maazimio.

"Andika haijulikani," alisema Feridun.

"Mwalimu, kila ukurasa wa kitabu hiki una mhuri. Haijulikani haiwezi kukaa chini ya mhuri."

"Basi andika soseji."

Kumbe jengo zima lilikuwa linajua. Rasim alikohoa. "Soseji ni jambo la faragha. Tupige kura juu ya kijicho. Wanaokubali?"

Mikono ikaanza kupanda, mmoja mmoja, na wa kwanza ulikuwa wa Gulten mwenyewe. Nezahat aliitazama ile mikono, akayaona na yatakayofuata. Hakuna mama atakayemwonyesha Gulten mtoto mchanga. Hakuna bi harusi atakayempelekea kitambaa cha gauni. Na mshonaji asiyeletewa gauni la harusi atashona nini, matambara ya kufutia vumbi? Akasimama.

"Shusheni mikono," alisema. "Ni mimi."

Akasimulia yote, pazia, fimbo, maneno aliyotamka na saa aliyoyatamka. Alipomaliza, Gulten alivuta ndewe ya sikio lake na kugonga mbao ya kiti mara tatu, balaa lisimfikie. Mpangaji wa orofa ya tano akasogeza kiti chake mbali kidogo na Nezahat.

"Dakika arobaini na tano," alisema Rasim, na sauti yake ilikuwa na heshima ndani yake. "Mimi naomba paa tangu nihamie hapa."

Feridun akasimama. Alikuwa amekasirika, tena si kidogo.

"Na mimi je?"

"Wewe nini?" aliuliza Nezahat.

"Miaka kumi na moja, mama wee! Kila siku iendayo kwa Mungu unaniambia maneno hayo hayo, neno kwa neno! Nikitoa wiki tatu za kila mwaka unapokwenda kwa dada yako Bursa, ni mara elfu tatu mia saba themanini na nne. Na Jumanne hiyo hiyo mimi uliniambia saa mbili, paka ukamwambia saa tatu. Nilikuwa mbele yake kwenye foleni!" Akachomoa karatasi mfukoni akaibwaga juu ya kitabu cha Rasim. "Presha yangu ya jana. Mia ishirini kwa themanini! Soma, Rasim, wasikie. Presha ya kijana wa jando! Sasa, ama Mungu alinipita mimi mara zote hizo akaenda kumvizia mtoto wa paka kwenye pazia, ama anajua vizuri lini unaomba na lini unapiga kelele zako. Chagua moja."

Nezahat alifungua mdomo ili amtukane, akalia. Alilia kwa sauti, mabega yakitikisika, mbele ya majirani na bilauri zao. Alimlilia Leblebi kwa mara ya kwanza tangu Jumanne, paka wake mzuri aliyekufa bila kuaga na bila sababu, na hakuna aliyemwambia anyamaze. Gulten alimshika mkono. Rasim aliutazama mhuri kwa muda mrefu, kisha akaandika kwamba sababu haijulikani, na imepitishwa kwa kauli moja.

Asubuhi ya pili yake, saa mbili, Nezahat alikuwa roshani akianika pazia, ambalo Gulten alikuwa amelishona usiku kucha bila kuombwa. Juu yake dirisha likafunguka, kitambaa kikakung'utwa, makombo yakamwagika juu ya lesi. Dirisha halikufungwa.

"Nangoja," alisema Feridun.

"Siwezi. Ulimi umekataa."

"Nezahat, nina miaka sabini na mbili, nitaanza lini mazoea mapya? Presha itapanda bure."

Nezahat aliyatazama makombo. Yalikuwa mengi kupita kiasi, mengine vipande vizima vya mkate vilivyovunjwa kwa vidole. "Na huu mkate wote ni wa nini? Hicho ni kitambaa cha meza au gunia?"

Mzee aligeuka akatazama barabara. "Tangu mwaka jana navunja wa ziada," alisema. "Shomoro walikuwa wakija, na yeye akikaa kwenye kioo cha dirisha lako anawatazama. Kutoka huku nilikuwa namwona mkia tu." Akajifuta makombo vidoleni. "Leo nimevunja tena. Nilisahau."

Nezahat alishika ukingo wa roshani kwa mikono miwili. Akavuta pumzi mpaka goti likauma.

"Mungu aichukue roho yako, Feridun!" alipaza sauti, na muuza mikate wa kona ya mtaa akainua kichwa.

"Amin," alijibu Feridun, akafunga dirisha.

Shomoro walikuja watatu, kisha watano. Nezahat hakuyafagia makombo siku ile. Aliingia ndani, akavuta kiti hadi kwenye kioo cha dirisha, akakaa kuwatazama mpaka walipomaliza.