Maandishi ya Mlandege

Mama Faustina alilipa ule mkopo wa biashara ya mchele mpaka ukaisha kabisa, lakini ukuta ukagoma kusikia. Pale mbele ya nyumba yao Mlandege maandishi mekundu yakabaki vilevile: NYUMBA HII INAUZWA KWA AMRI YA MAHAKAMA. Mwanawe Lusekelo akapaka chokaa. Asubuhi yamerudi, tena mabichi. Akapaka tena, yakarudi tena.

"We Lusekelo, hiyo chokaa au maziwa ya unga?" jirani yao, Mama Nusrat, akacheka kule uani kwake.

Mama hakucheka. Alikuwa analala jikoni nje, na baridi ya Iringa mwezi wa sita unaijua. "Siingii kwenye nyumba inayouzwa," anasema, halafu anakohoa mpaka anajishika ubavu.

Basi Lusekelo akasema huyu mhuni nitamkamata. Alfajiri akatoka. Ukungu umekaa hadi kwenye mlango. Akamkuta mzee wa koti refu, kopo mkononi, anaandika taratibu, herufi zimenyooka.

Alitaka kumtukana. Mdomo wenyewe ukasema, "Shikamoo."

"Marahaba. Usiguse, haijakauka."

"Mzee, deni tumelipa! Risiti hii hapa."

"Hiyo ya waliokukopesheni. Mimi nilitumwa na mahakama." Hakugeuka. "Niletee neno la mahakama."

Kule mahakamani karani, dada Evarista, akafungua jalada. Kesi bado iko wazi! Waliolipwa walikula hela yao wakanyamaza, na Mama naye hakujua kwamba ukishalipa inabidi mahakama iambiwe. Lusekelo akahangaikia barua yao ya kukiri wamelipwa mpaka soli ya kiatu ikaachia, ndiyo hakimu akatoa amri ya kuiachia nyumba.

"Na yule mzee wenu wa koti mwambieni aache," Lusekelo akasema.

Evarista akaacha kugonga muhuri. "Ana kovu kidevuni?"

"Eeh."

"Mzee Aroni. Dalali wetu." Akashusha sauti. "Tulimzika mwaka jana, mdogo wangu. Alikuwa haachi kazi nusu."

Lusekelo akataka kuiacha amri palepale mezani. Lakini kikohozi cha Mama kilikuwa palepale, angefanyaje? Alfajiri akatoka na amri yake. Mzee akaisoma kwa kidole, akapitisha kiganja ukutani, maandishi yakafuata kiganja kama vumbi. Likabaki neno moja: INAUZWA.

"Hilo liko kwenye hati. Nenda ardhi."

Akaenda. Kule ofisi ya ardhi, kweli, rehani bado imeandikwa kwenye hati ya nyumba. Wakasumbuana naye, njoo kesho, njoo Jumatatu, mwisho wakaifuta.

Aliporudi ukuta ulikuwa mweupe pee. Mama akaupapasa, akaunusa. Akabeba godoro, akaingia ndani. Usiku ule hakukohoa.

Asubuhi kelele uani kwa jirani. "Jamani! Nani kaniandikia ukutani?"

Lusekelo akatoka mbio. Mama Nusrat keshashika ndoo ya chokaa.

"Mama Nusrat, weka chini hiyo. Mliwahi kuwa na kesi ya deni?"

"La marehemu baba Nusrat, tulishalipa zamani!"

"Mahakamani mlienda kusema?"

Ndoo ikamponyoka. Kwenye ukungu, nyuma ya ukuta wake, mtu akakung'uta brashi kwenye kopo.