Manifoldi ya Maskati

Msinambie nimsamehe Amour. Nshaambiwa na shangazi, nshaambiwa na majirani, na jawabu yangu ni moja: sitaki. Mume kukuacha, hayo yapo duniani. Lakini akuache, kisha aondoke na gari ya babaako? Ebo!

Gari yenyewe Kresta nyeupe. Babaangu, Fundi Mjaka, Mungu amrehemu, aliing'oa injini yake ya zamani akapachika nyengine kubwa ya silinda sita, yenye tabo, ile feni inayoizidishia injini pumzi na kupiga mluzi, na inayosukuma magurudumu ya nyuma. Mimi nlikuwa chini ya gari namshikia taa. Nlipoolewa akanipa zawadi, ila kadi akaiandikisha kwa jina la mume, eti heshima. Heshima gani! Siku ya kuachwa Amour alinipungia ile kadi dirishani, akakanyaga mafuta, nkabaki mlangoni na mabegi yangu. Tangu hapo nlikuwa nna dua moja tu: gari irudi gereji kwetu Mikunguni, na airudishe yeye mwenyewe kwa mikono yake.

Basi Shaaban hii, watu wanakimbizana na harusi kabla ya Ramadhani, nkamwona anaingia gereji. Uso mkavu! Anamuoa Nunu wa Malindi ya hapa Unguja, na kazi ya harusi yake ananiletea mimi, kwa sababu nati za baba zilishika kutu na mafundi wengine waliogopa kuzivunja. Alikuja na rafiki yake Ubwa, naye fundi, na boksi lililotoka kwa ami yake Maskati.

Ndani ya boksi mlikuwa na manifoldi, kile kitu kinachopokea moshi wa moto kutoka kwenye injini na kuupeleka kwenye tabo. Mabomba sita ya stenlesi, marefu, yamepinda kwa madaha, yanang'aa kama birika la harusini.

"Hiyo mbovu nifungulie tu," akasema. "Hii Ubwa atanifungia mwenyewe."

Mbovu! Ile ya baba ilikuwa ya chuma cha kusubu, fupi, nzito, sura mbaya kwelikweli. Baba aliichagua makusudi. Akisema mabomba marefu ni ya watu wenye barabara ndefu. Kisiwa hiki, ukitoka mjini mpaka Kizimkazi, njia nzima mbuzi na matuta. Chuma kifupi kinaiamsha tabo mapema, na kizito hakipasuki kwa moto.

Nkaigeuza ile ya Maskati mikononi. Nkaona kasoro yake papo hapo.

"Amour," nkamwambia, "hii si ya gari zetu. Maskati sukani iko kushoto, kwa hivyo upande wa kulia wa injini kwao mtupu. Kwetu huko kulia ndiko inakopita shafti ya sukani. Mabomba haya marefu yataisukuma tabo ije kukaa juu yake."

Akacheka, akamtazama Ubwa. "Wivu huo, Zuleikha. Roho inakuuma kwa Nunu."

Ningeweza kufungua boneti nkamwonesha kwa kidole. Sikumwonesha. Nimeishi naye mtu huyu, neno likitoka kinywani mwangu kwake ni upepo. Nlimwambia kweli nkijua hatoisikia, na wallahi nlifurahi alipocheka.

Nkafungua nati zote, hata moja haikukatika. Sasa gereji kwetu kuna ada tangu enzi za baba: kilichofunguliwa, mwenyewe asipokibeba, ni cha fundi. Nkamuuliza mbele ya Ubwa, "Hii unaichukua?"

"Ya nini? Kapikie."

"Umesema."

"Nshasema!"

Wakaifunga gari kamba, wakaikokota. Mimi nkakisafisha kile chuma kwa dizeli, nkakipandisha rafuni, nkasubiri.

Asubuhi ya harusi akaja, jasho linamtiririka. Tabo ilikaa juu ya shafti kama nlivyosema, sukani haizunguki. Ubwa kajaribu kuyapinda mabomba ili ipatikane nafasi, yakapasuka. Na Malindi nzima imeshatangaziwa kuwa bwana harusi atakuja na Kresta inayopiga mluzi; Nunu kawaambia shoga zake wakae barazani wasikilize.

"Zuleikha, nifungie ile yangu."

"Yako? Mi nnapikia."

"Usinifanyie hivyo, leo siku yangu!"

"Chuma changu hakitoki hapa," nkamwambia. "Gari ndiyo itakifuata. Na kadi, kwa jina langu. Au kakodi teksi."

Alinitukana, akatoka, akarudi, akanibembeleza. Amour anaweza kukosa chakula, sifa hawezi. Adhuhuri ilipoadhiniwa nkawaona wanakuja barabarani, wapambe na kanzu zao nyeupe wanasukuma Kresta, Ubwa kashika sukani, mabomba ya Maskati kashayang'oa, na Amour mwenyewe nyuma, mikono yote miwili juu ya buti. Kadi akaitilia saini Ubwa akishuhudia. Nkaikunja, nkaitia mkobani.

Nkafunga chuma cha baba, nati moja baada ya nyengine. Nkatia ufunguo. Injini ikanguruma, tabo ikaamka na mluzi wake ule ule, na hapo nlilia, nisiseme uongo. Nlimlilia baba.

"Mimi nitakwenda na nini?" akauliza, kashavaa joho na kilemba.

"Nitakupeleka."

Akashika mlango wa mbele. "Nyuma," nkamwambia. "Mbele unakaa mkoba wangu."

Tukapita Darajani naipigisha mluzi, watu wanageuka. Malindi, karibu na msikiti, wanawake barazani wakapiga vigelegele, kisha vikakatika kimoja kimoja, maana wameona nani kashika sukani. Mamaake Nunu akainama dirishani.

"Shikamoo, bi mkubwa," nkamwambia.

"Marahaba. Hii si ndiyo gari ya bwana harusi? Wewe nani?"

"Mimi Zuleikha binti Mjaka. Gari yangu, bibi. Wenu ni huyo wa nyuma."

Amour akashuka, joho limenasa mlangoni. Nkamngoja alinasue, asije akanichania kiti, kisha nkarudi kwetu Mikunguni.