Kesho Gani, Shemeji?

Constantin alivaa skafu mwezi wa kumi. Mwezi wa kumi, hapa Lubumbashi, wakati hata mbuzi wa mtaa wetu wa Katuba wanalala chini ya magari kutafuta kivuli, yeye kajifunga shingo kama mgonjwa wa koo. Hapo hapo nikajua filamu yake itakuwa ovyo. Mtu aliyesahau joto la kwao atakumbuka nini kingine?

Ngoja nieleze vizuri, maana hasira inanitangulia. Constantin ni mtoto wa hapa hapa Katuba, mama yake tuliteka maji naye bomba moja. Alikwenda Ubelgiji kusomea sinema, akarudi na skafu, akatangaza kwamba mchezo wetu ataufanya filamu. Mchezo wenyewe unaitwa *Shemeji na Valizi*. Vieux Chola, yaani mzee Chola, hivyo ndivyo tunavyomwita kwa heshima, anaucheza na kundi lake kila Pasaka kwenye ukumbi wa parokia, tangu mimi ni msichana. Ni mchezo wa nyimbo na vichekesho. Shemeji anashuka kwenye treni ya Kamina, amekuja kumsalimia dada yake siku mbili tu, na haondoki. Anakula, ananenepa, anavaa pijama ya mwenye nyumba. Kila akibanwa anachukua valizi yake, lile sanduku la safari, anaisimamisha mlangoni, anavua kofia, anaimba: "Kesho njo naenda." Yaani kesho ndiyo anaondoka.

Halafu ananyamaza. Utamu wote uko hapo. Chola anasimama na kofia mkononi, anatungoja, na ukumbi mzima unamjibu: "Kesho gani, shemeji?" Baada ya hapo kila mwenye ulimi anaongeza lake. Huyu anamwambia mgeni siku ya tatu hupewa jembe, yule anamuuliza kama pijama nayo inasafiri. Chola anachagua neno lililomchoma zaidi na kulijibu kwa wimbo, papo kwa papo, kwa hiyo hakuna Pasaka mbili zilizowahi kufanana. Na wa kuanza kujibu ni benchi la tatu, benchi la akina mama wa soko la Kenya, mtaa wa jirani, na kwenye benchi hilo wa kuanza ni mimi, Brigitte. Nafasi hiyo aliniachia mama yangu. Mwaka mzima nauza samaki kavu na kuwapigia watu kelele za bure. Siku ile moja kelele zangu zina kazi. Usinicheke. Wengine wameachiwa shamba, mimi nimeachiwa jibu.

Sasa huyo Constantin hakumpa Chola nafasi kwenye filamu. Alimweleza kwa adabu nyingi kwamba sura yake ni ya jukwaa, si ya kamera. Sura iliyotuchekesha toka enzi za treni kuja kwa wakati, leo haifai. Akamchukua kijana wa Kinshasa mwenye kifua. Chola yeye akatumiwa kadi yenye maua pembeni, ya kumwalika aje kuitazama Jumamosi, ukumbi ule ule wa parokia.

Jumapili baada ya misa baadhi yetu wa benchi tulimkuta uani kwake, kadi iko chini ya sufuria ya maharagwe ili meza isiungue. Mkewe, Marie-Thérèse, ndiye aliyeiweka pale.

"Mi sitaingia," Chola alituambia. "Siwezi kuangalia kofia yangu ku kichwa ya muntu mwingine. Nitaikala inje ku veranda, masikio inatosha. Kama bantu banacheka mule ndani vile banachekaka ku muchezo yangu, basi, valizi ipumzike. Pasaka hatucheze tena."

"Acha maneno, vieux," Marie-Thérèse alimwambia.

Lakini Chola ni Mluba wa Kabongo. Akisema amesema, na ukimbembeleza unamwongezea tu msumari.

Mimi nikacheka. Nikaona kazi ni rahisi. Nilimwambia rafiki yangu Myriam, ambaye ana cherehani karibu na meza yangu sokoni, kwamba hatutacheka. Hata meno tusitoe. "Tutanyamaza kama ku misa ya bantu benye kufa," nilimwambia, na Myriam akapitisha habari kwa akina mama wote wa benchi, nao wakapitisha kwa waume zao, hadi Jumamosi ilipofika nusu ya Katuba ilikuwa imekula kiapo cha kununa.

Ilikuwa mchana. Walifunika madirisha ya ukumbi kwa mapazia meusi, tukaokwa mle ndani vizuri. Kabla ya kuingia nilimwona Chola kwenye veranda, ameketi wima, kofia magotini. Nilimkonyezea. Aligeuzia macho barabarani.

Constantin alisimama mbele na skafu yake akatuambia kwamba alichofanya ni *relecture*. Maana yake, alisema, ameusoma mchezo upya. Kwa nilichokiona baadaye, aliusoma akiwa amelala.

Filamu ikaanza kwa kupita juu ya kile kilima cheusi cha takataka za mgodi na bomba lake refu la moshi. Kila anayetaka kuonyesha Lubumbashi lazima kwanza atuzungushe pale, kama vile sisi tunakula na kulala juu yake. Kisha shemeji akafika. Hakufika na treni, alifika na gari la jeep. Valizi yake ilikuwa na magurudumu. Nywele zimechongwa, ndevu zimechongwa, meno meupe hadi yanaumiza macho.

"Huyu haiko shemeji," Myriam akaninong'oneza. "Huyu iko picha ya ku salon ya kunyoa nywele."

Na nyumba, mama yangu. Nyumba ina bwawa la kuogelea. Sasa niambie wewe, watu wenye bwawa la kuogelea shemeji mmoja atawasumbua nini? Watamsahau kwenye chumba kimoja huko nyuma hadi aoe. Shemeji wa Chola analala kitanda kimoja na watoto, miguu yake inatokea nje ya neti, mwenye nyumba akitaka kwenda choo usiku lazima amruke. Uchungu wa mchezo uko kwenye kuruka huko. Huyu wa Constantin alikuwa anakunywa juisi pembeni ya maji na kukumbuka utoto wake, na kila akikumbuka, mvua inanyesha na vinanda vinalia.

Ukumbi ulikuwa kimya. Kimya kizito, cha dharau safi. Nilijisikia fahari. Niligeuka kidogo kutazama mabenchi ya nyuma, nikaona watu wazima wamekunja mikono, wamefunga midomo, na jasho linawatiririka. Nikasema moyoni, Chola, Pasaka unacheza.

Ndipo yule kijana akaburuta valizi yake ya magurudumu hadi mlangoni. Akavua kofia. Akaimba: "Kesho njo naenda."

Mdomo wangu ukafunguka wenyewe.

"Kesho gani, shemeji?"

Sikukusudia. Naapa kwa kaburi la mama yangu, na yeye ndiye mwenye lawama, maana ndiye aliyenifundisha. Na nilipoanza mimi, benchi zima lilijibu, na ukumbi wote ukafuata, hadi mabati yakatetemeka.

Ila kijana hakungoja. Alikuwa ameshapita. Amefumba macho, amegeukia dirisha, anaimba Kifaransa kuhusu upweke. Katuba nzima imemuuliza swali, yeye anaongea na dirisha.

"Hasikie huyu," mtu akasema nyuma.

"Mupe jembe, atasikia," mwingine akadakia.

Na wakati huo huo, sikudanganyi, yule kijana akaweka mkono moyoni akasema ndiyo. Alikuwa anamwambia mchumba wake, lakini ukumbi ulipasuka kwa kicheko. Myriam aliteleza kwenye benchi. Tangu hapo hakuna aliyeweza kujizuia. Constantin alikuwa ameupenda ule mstari, ameurudia kila mahali, bwawani, kwenye gari, hadi kanisani. Na kila ulipokuja tuliuliza kesho gani, na kila tulipouliza kijana aligeuza shingo yake nzuri akaendelea na mambo yake. Tulimzomea, tukamtania, tukamfundisha jinsi ya kubeba valizi. Maneno yake yote yaliyofuata yalizama. Sidhani kama kuna mtu ukumbini anayeweza kukuambia filamu ile iliisha vipi. Sijawahi kudharau kitu kwa raha namna ile, na katika raha hiyo nilisahau kabisa veranda.

Mapazia yalipofunguliwa, Constantin alikuwa analia. Alinikumbatia na ile skafu yake iliyolowa jasho, na mimi bado kicheko hakijanitoka.

"Maman Brigitte," alisema, "mulipenda. Mulipenda kabisa."

Nyuma yake msichana mmoja alikuwa anatupiga picha kwa simu. Nilimsukuma Constantin, nikatoka mbio nje. Kiti cha veranda kilikuwa kitupu. Mlinzi wa parokia akaniambia vieux alikwenda zake mara tu tulipoanza kucheka.

Jumatatu uso wangu ulikuwa kwenye simu za mji mzima. Mdomo wazi, pengo langu nje kwa kila mtu, machozi mashavuni, na juu yake maandishi manene: LUBUMBASHI IMEPENDA. Wateja wanakuja mezani kwangu kunipongeza. Mmoja ananiambia, mama, tumekuona, basi filamu lazima iko muzuri, leo tunaenda. Nilimfungia samaki wake bila kumchagulia. Wasichana wa kwaya wakaandika kwenye kundi lao la WhatsApp kwamba hata wazee wa Katuba sasa wanapenda mambo ya kisasa. Mimi niliyekwenda kuizika filamu ndiye niliyegeuzwa tangazo lake.

"Na vieux ameona," Myriam akaniambia. "Mutoto wa jirani alimuonyesha."

Tulifunga meza kabla ya saa zetu, tukaenda.

Chola alikuwa uani anamenya karanga. Hakuinua kichwa. "Karibu, vedette, nyota ya filme," aliniambia.

"Vieux, tulikuwa tunaichekelea ile filme. Haikuwa furaha. Ilikuwa madharau."

"Kicheko ni kicheko. Hata siku moja sikusikiaka ukumbi inalia vile."

"Ilikuwa mubaya, njo maana tulicheka."

"Brigitte." Sasa alinitazama, na macho yake yalikuwa mekundu. "Nilisikia sauti yako. Ya kwanza kabisa, mbele ya bote. Kesho gani. Ulimujibu yeye."

Mimi, niliyewahi kumnyamazisha polisi wa soko, nikaanza kuokota maganda ya karanga. Maana ni kweli, nilimjibu yule kijana, na jibu lile lilikuwa la Chola. Marie-Thérèse alisimama mlangoni na kitambaa cha vyombo, ananitazama kama mtu anayengoja daktari aseme. Akaniambia valizi ya mchezo ameshaijaza mablanketi, imewekwa juu ya kabati.

Aibu ikinizidi huwa nakasirika. Nikakasirika.

"Imba," nilimwambia Chola.

"Sina hamu."

"Imba tu ule mustari mumoja. Halafu tunaenda, hautatuona tena mu kiwanja yako."

Alinung'unika, akapukuta maganda ya karanga kwenye suruali, akasimama. Akavua kofia, kwa sababu mstari ule hauimbiki na kofia kichwani. Sauti yake ilitoka kavu, haina nguvu.

"Kesho njo naenda."

Na akanyamaza, kama anavyonyamaza siku zote.

Nilifunga mdomo. Myriam alivuta pumzi ili ajibu, nikamkanyaga mguu. Chola akangoja. Kofia iko mkononi, uso umeinuka kidogo, sikio moja limetugeukia. Jibu lilinipanda kooni, nikalimeza, likapanda tena. Sijawahi kufanya kazi ngumu kama ile. Kuku alipita katikati yetu, na Chola hakumwona. Alinitazama mimi, akamtazama Myriam, akanirudia mimi. Akahamisha uzito mguu mmoja hadi mwingine. Hakuweza kuendelea na hakuweza kuketi.

"Jibu basi, mama," alisema mwishowe, polepole.

"Ule wa filme hakutuambiaka hivyo," nilimjibu. "Tulimuuliza, tulimuuliza, akaendelea na dirisha. Hakutungoja hata kidogo. Njo tulikuwa tunacheka."

Chola aliitazama kofia yake. Aliigeuza, akaigeuza tena. Kisha akaingia ndani, na tukasikia kiti kinaburutwa, na kabati linalia.

"We vieux, blanketi zangu unapeleka wapi?" Marie-Thérèse akamfuata.

Alitoka na valizi, ile ya kahawia yenye kamba badala ya mshipi, na mablanketi amemwangushia Myriam mikononi, ila moja lililodondoka mlangoni. Akaisimamisha valizi kizingitini. Akavaa kofia, akaivua. Mara hii sauti ilijaza uwanja.

"Kesho njo naenda."

Nikafungua mdomo. Lakini nyuma yake, na blanketi hilo moja limemwangukia miguuni, Marie-Thérèse alinitangulia.

"Kesho gani, shemeji? Na blanketi zangu ziko mu mavumbi?"

Kuwa wa kwanza kujibu ni haki yangu, kila mtu Katuba anajua. Nilimwachia, siku ile tu.