Utabiri wa Kidaraja cha Binti Salimu

Kondo hakuwahi kuendesha hata pikipiki, lakini kila Januari aliwatabiria madereva wa mbio za magari nani atagombana na nani, timu ipi itainyima nyingine usingizi, na nani atarudi nyumbani akivutwa kwa kamba. Kazi hiyo aliifanya katika gazeti la kila wiki lililoitwa Breki, mojawapo ya magazeti yaliyozuka kama uyoga baada ya watu binafsi kuruhusiwa kuchapisha. Ofisi ilikuwa chumba kimoja Kinondoni, juu ya duka la vyerehani. Mhariri wake, Bi Felicitas, alikuwa na sheria moja tu: utabiri usio na ugomvi haununuliwi.

Shida ya msimu wa tisini na tatu ni kwamba ugomvi haukuwepo. Madereva wawili waliowashinda wenzao kwa kasi, Stephano Maganga na Anwar, walikuwa marafiki. Stephano alikuwa fundi wa gereji pale Mwenge, na Datsun lake kuukuu aliliungaunga kwa mikono yake mwenyewe. Anwar alikuwa dereva wa timu ya Mikocheni, gari jipya kutoka Japani, tajiri wake mwuza magodoro. Lakini wawili hao waliazimana jeki, wakaazimana hata matairi, na mmoja akiharibikiwa njiani mwingine alirudi kumfuata. Sasa hapo mwandishi atabiri nini?

Ndipo Kondo akakumbuka kwamba yeye ni Mzaramo na Stephano ni Mnyamwezi, watani wa tangu enzi za mababu. Akachukua kalamu akamsema kama mtani anavyomsema mtani. Aliandika kwamba mwaka huu Stephano na Anwar watakuwa maadui wa kufa na kuzikana. Wakikutana kwenye kidaraja cha Binti Salimu, kule nyuma ya Ukonga, ambacho upana wake ni gari moja tu, atakayepunguza mwendo avishwe khanga. Mnyamwezi kwa ubishi wake hatapunguza, ataingia korongoni, "na sisi watani zake tutakula ubwabwa wa arobaini yake kwa raha zetu."

Maneno hayo angeyasema msibani, mbele ya jamaa, watu wangecheka na marehemu angezikwa kwa amani. Lakini gazeti halina uso wala ukoo. Msomaji wa Temeke au Mikocheni hakujua nani Mzaramo na nani Mnyamwezi. Alichokiona ni kwamba madereva wawili wameapa kuuana. Gazeti likaisha kabla ya saa nne asubuhi. Tajiri wa magodoro akamwuliza Anwar mbele za watu kama anaogopa. Wateja wa gereji wakamwuliza Stephano hivyo hivyo. Ile jeki ikarudishwa kwa mwenyewe, na wiki ya pili mtu akaja ofisini na habari kwamba Jumamosi wawili hao watakutana kidarajani, bila chama cha mbio kujua, wamalize ubishi. Kondo aliisikia habari hiyo. Alijiambia hayamhusu. Mdomo huponza kichwa, na yeye alitumaini kichwa kitakachoponzwa si chake.

Jumamosi asubuhi alikuwa uani kwake Temeke, anakunywa chai na mkewe Tunu, aliposikia sauti mlangoni.

"Hodi, nyie wafu!"

Alikuwa Stephano, na ovaroli lake la kazi. Majirani wakaanza kucheka hata kabla hajakaa, maana walijua mtani ameingia.

"Mzaramo, vaa viatu," alisema.

"Twende wapi?"

"Elinaza, msomaji wangu, hanisomei njia tena. Mkewe kasoma gazeti lako, kaificha kofia yake ngumu, na suruali kaificha. Sasa nimekuja kuchukua changu. Utanisomea wewe."

Kondo alimtazama Tunu, akitafuta msaada. Tunu alikuwa anajifuta machozi ya kicheko.

"Mchukue tu, shemeji. Mie mwenyewe nishamchoka."

Mtani akikushika huna ruhusa ya kununa. Akichukua kuku wako unacheka. Akikuchukua wewe mwenyewe, unacheka vilevile. Isitoshe, kukataa kungekuwa ni kukiri mbele ya mtaa mzima kwamba alichokiandika hakikuwa utani. Kondo alivaa viatu. Kamba zikamshinda, na Stephano akainama akamfungia.

Ndani ya Datsun mlikuwa na harufu ya petroli na jasho. Stephano alimpa daftari la Elinaza. Kila kona ilikuwa imeandikwa mle, kona na umbali, ili dereva asiyeona mbele kwa vumbi ajue wapi pa kukanyaga na wapi pa kufunga breki. Kazi ya Kondo ilikuwa kuyasoma maandishi yale kwa sauti kubwa, basi.

"Bwana Stephano," alisema, "nilikuwa natania."

"Mie najua. Waambie wale."

Wale, waliokuwa wakisubiri kule kidarajani, walikuwa watu kama mia mbili, wamejipanga juu ya ukingo wa korongo, wengine wameshika gazeti. Kondo alitambua ukurasa wake kwa mbali. Barabara mbili za vumbi zilikuja kukutana mita mia mbili kabla ya kidaraja. Wao wangekuja na ya kushoto, Anwar na ya kulia. Kidaraja hakikuwa na kingo. Chini yake palikuwa na mawe matupu.

Mwanzoni mwa barabara yao ya kushoto, Stephano alipoingiza gia, Kondo aliuona mkono wake. Ulikuwa unatetemeka kuliko wake yeye. Hapo ndipo hofu yenyewe ilipomwingia, kwa sababu mpaka dakika ile alikuwa akijifariji kwamba angalau mmoja ndani ya gari anajua anachokifanya.

Mtu akapunga shati. Wakaondoka.

"Kushoto kidogo!" Kondo alipiga kelele. "Hamsini! Kulia kali!" Gari liliruka, kichwa chake kikagonga bati, daftari likataka kumponyoka. Vumbi lilijaa mdomoni. Alisoma kila neno kama mtu anayesoma dua, na kila alilolisoma lilitokea mbele yao, kona kwa kona, mpaka akaona upande wa kulia, katikati ya mikorosho, wingu jingine la vumbi likija sambamba nao. Halikubaki nyuma wala halikutangulia.

Mstari uliofuata daftarini ulisema: *Mia mbili, wazi. Daraja.*

Kondo aliuona, hakuusoma. Akaliona gari la Anwar likichomoza kwenye njia panda, likaja kuwa bega kwa bega nao, karibu kiasi cha kumwona Anwar mwenyewe, meno yameumana, macho mbele. Hakuna aliyepunguza. Kitu cha moto kilimshuka Kondo mapajani. Akafumba macho akapayuka:

"Kushoto kali! Kali sana! Breki! Breki, baba yangu!"

Datsun lilijipinda, likaserereka, likageuka nyuma mbele, likasimama pua ndani ya nyasi. Lile gari jingine likapita kidarajani peke yake.

Stephano alikuwa amelaza paji la uso kwenye usukani.

"Nisamehe," alisema Kondo. "Pale hapakuwa na kona."

"Njia hii naipita toka nikiwa utingo wa lori la mchanga. Kona zake zote nazijua." Stephano hakuinua kichwa. "Tulipofika njia panda nilikuwa naomba moyoni, Mzaramo sema neno. Sema lolote lile."

Watu walishuka mbio wakizomea. Mmoja aliwarushia khanga kupitia dirishani, kama gazeti lilivyoagiza. Nyuma yao alikuja Anwar kwa miguu, kofia mkononi, uso umempauka. Alipolifikia Datsun aliinama akatapika kando ya gurudumu, halafu akakaa chini.

"Mie hakuna aliyeniambia kitu," alisema. "Msomaji wangu wa njia alinyamaza kimya."

Stephano alishuka, akamsogezea chupa ya maji. Kisha akazunguka upande wa Kondo, akamfungulia mlango, akaiona suruali. Aliichukua ile khanga akamfunga kiunoni kwa fundo zuri, mbele ya umati wote.

"Wiki ijayo andika hivi," alisema. "Andika Mnyamwezi kashindwa kwa sababu Mzaramo kajikojolea garini."

Kondo aliandika. Aliandika yote, mkono uliotetemeka, kona isiyokuwepo, matapishi, suruali, na akaweka jina lake chini. Bi Felicitas aliisoma akacheka mpaka akashika ubavu, na gazeti likauzwa kuliko lile la kwanza. Mji mzima ulisema huyu Kondo kwa utani hajambo.

Tunu peke yake, aliyeifua ile suruali, hakucheka.