Vidole vya Clarisse

Katika ukoo wa mama yake, Godelieve, Clarisse ndiye aliyekuwa wa kwanza kusomea uuguzi pale mjini Baraka. Vitabu hakuwa navyo. Walimu walituma masomo kwenye simu, naye akayasoma humo humo, kidevu kikigusa kifua. Masomo yakiisha, zilikuja video na soga za wenzake. Jua lilihama ukuta hadi ukuta, yeye hajainua uso.

Shingo ilianza kuuma, ikakaza, kisha vidole vya mkono wa kulia vikafa ganzi. Siku moja mama alirudi kutoka sokoni na beseni la ndagala, akamwomba ampokee. Mkono ulilegea, samaki wakamwagika mchangani.

"We iko mugonjwa," mama akasema. "Weka hiyo telefone chini."

"Nikiweka chini, mi nitasomea wapi, mama? Masomo yote iko mule ndani."

Mama aliinama kuokota ndagala.

Hospitalini daktari alimpapasa shingo, akasema mshipa wa fahamu umebanwa. Asipoacha kuinama, mkono utazidi kudhoofika. Clarisse akampa mama simu aifungie sandukuni, akamwomba rafiki yake Vanessa amsomee kwa sauti kwenye simu ya Vanessa mwenyewe. Vanessa alisoma kidogo, ujumbe ukaingia, akacheka, akajibu, ukaingia mwingine. Clarisse alingoja hadi akachoka. Mtihani ulikuwa umekaribia. Akaenda kumwomba mama simu yake.

Siku ya mtihani wa vitendo alipewa mzee Semutobo, mfugaji aliyeteremshwa kutoka milimani akiwa na homa, amtundikie maji. Alishika sindano, lakini alikuwa kama ameshika hewa. Akachoma, akakosa mshipa. Akachoma tena, damu ikatiririka kwenye shuka.

"Pole, binti yangu," mzee akasema kwa sauti ya chini. "Jaribu tu."

Mwalimu Fabien alimnyang'anya sindano taratibu, akamaliza kazi mwenyewe. Nje ya wodi alimwambia, "Clarisse, kazi hii inataka mikono. Tafuta masomo mengine, ya kukaa bureau, ofisini."

"Nikae tena, mwalimu? Niiname tena?"

Fabien akamwita mwanafunzi aliyefuata.

Nyumbani mama alikuwa akimngojea mlangoni. "Ilienda namna gani?"

Clarisse alitaka kusema kweli, lakini akasema, "Ilienda muzuri, mama."

Mama akapiga vigelegele, na kabla binti hajamzuia alikuwa ameshavuka njia kwenda kuwaambia majirani.